Majani ya Bahi na Mikono Yangu

Kama umeanza kusoma haya kwa sababu umeona baka kwenye ngozi yako, baka lisilowasha wala kuuma, soma polepole. Haya yalinipata mimi. Leo nina afya, nina kazi, na sasa hivi nimetoka kula ugali na mlenda kwa mikono hii hii nitakayokusimulia.

Naitwa Hamisi, ni fundi cherehani. Baraza langu lilikuwa jirani na soko, mjini Dodoma, na ufundi wetu ni wa ukoo, tangu kwa babu wa baba yangu aliyefika huku na misafara ya biashara akaona hapa panamtosha. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, marobota ya mitumba yalipoanza kufunguliwa sokoni kila asubuhi. Wateja wangu waliokuwa wakishonesha suruali za sikukuu wakaanza kuvaa za Ulaya. Sisi mafundi tukakaa tunatazamana. Baadaye ikaonekana kwamba Wazungu ni warefu na wana viuno vipana, na kila suruali lazima ipunguzwe. Kazi ikajaa barazani kuliko zamani.

Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kujali baka. La kwanza lilitokea begani, la pili mgongoni, jingine kwenye paja. Mariamu, mke wangu, alidhani ni mba, akanipaka limau. Kisha vidole viwili vya mkono wa kushoto, kile kidogo na jirani yake, vikaanza kufa ganzi. Nikasema ni uchovu wa kushika vitambaa.

Siku moja nilikuwa napiga pasi sketi ya mwalimu mmoja, pasi ya mkaa, naye amesimama anasubiri. Akakunja pua.

"Fundi, kuna kitu kinaungua."

Nikainua pasi haraka nikatazama sketi. Ilikuwa salama. Nikatazama chini ya meza, labda kaa limeanguka. Mwalimu akapiga kelele, "Mkono, fundi! Mkono wako!" Ubavu wa kiganja cha kushoto ulikuwa umeegemea pasi, na ngozi imeshaanza kujikunja. Mimi sikuwa nasikia kitu chochote. Nilipoona mwalimu analia ndipo nikaogopa.

Hospitali walinifunga kidonda, kisha daktari akanitazama vidole, akanivua shati, akanielekeza jengo la nyuma. Wenyeji wa jengo lile utawajua kwa namna wanavyokaa. Hawakai wakitazama njia. Wanakaa ubavu, kanga imeshushwa usoni, kofia imevutwa mbele, kila mmoja anaomba asipite jirani yake. Benchi lilikuwa moja, wagonjwa wa kifua upande huu na wa ngozi upande ule, na katikati tuliacha nafasi kubwa ya watu watatu ambayo hakuna aliyethubutu kuikalia. Asubuhi ile nilimwona muuza nyama wetu. Tulisalimiana kwa macho na hatukuzungumza tena mpaka mwaka uliofuata.

Mhudumu alikuwa nesi mmoja mnene, mchangamfu, jina lake Veronika.

"Fumba macho," akaniambia. "Nikikugusa na pamba, nionyeshe mahali."

Nikafumba. Akanigusa shavu, nikaonyesha. Akanigusa mkono wa kulia, nikaonyesha. Kisha kimya. Nikangoja. Nikadhani ameitwa nje.

"Nesi, bado upo?"

"Nipo. Fumbua."

Nilipofumbua nikaona pamba iko juu ya kidole changu kidogo cha kushoto, anaipitisha taratibu, huku na huko.

"Kaka Hamisi," akasema, "huu ni ukoma. Dawa ipo, ni bure, na utapona."

Katika maneno yale yote nililisikia moja tu. Yaliyobaki alinirudia mara nyingi baadaye, mpaka yakaingia.

Nyumbani nilimkuta Mariamu anapakua. Nikamwambia nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu sikujua kama bado nina haki ya kuingia.

"Unaua?" akauliza.

"Hauui."

"Unatibika?"

"Wanasema unatibika. Na nikishaanza dawa siambukizi mtu."

"Basi ingia ule, chakula kinapoa."

Alilia kesho yake, akimenya vitunguu, ili nisijue.

Tulikuwa tukiishi nyumba ya urithi, vyumba vinatazamana uani, upande mmoja mimi na upande mwingine kaka yangu Athumani na mkewe. Watoto wetu walichunguzwa wote, wakakutwa salama. Hata hivyo shemeji yangu alinitengea kikombe cha bati, akakifunga uzi mwekundu kwenye kishikio ili kisichanganyike na vingine. Hakufanya kwa ubaya, alikuwa na hofu na alikuwa na mtoto mchanga. Mariamu hakugombana naye. Alikichukua kile kikombe akawa anakinywea chai yeye mwenyewe kila asubuhi, uani, mbele ya watu wote. Mimi nikabaki na vikombe vya kaure. Kama utajaliwa mtu wa namna hiyo katika ugonjwa wako, nusu ya dawa umeshaipata.

Dawa yenyewe nilimeza kila siku, na mara moja kwa mwezi nilikwenda jengo la nyuma kumeza vidonge vya mwezi mbele ya nesi. Siku ile mkojo hutoka mwekundu. Hakuna aliyenionya mapema, nami nikakaa chooni nikitoa shahada. Nakuonya wewe: ni rangi ya dawa. Baada ya miezi michache ngozi nayo ikabadilika. Mimi ni mweupe kidogo, lakini nilianza kuiva kama zabibu za Hombolo zinapokaribia kuvunwa, kwanza mashavu, kisha mabaka, kisha mwili wote. Wateja waliuliza kama nimekwenda kulima. Nikasema ndiyo, nalima.

Mariamu alishika pasi na barazani akawa pamoja nami, kwa kuwa mimi nilikatazwa moto. Nyumba ikakosa mtu. Ndipo akatuma salamu kwao Bahi, na siku chache baadaye lori la mpunga likasimama kwenye kona yetu, akashuka mama yake na mzigo wa majani makavu kichwani.

Hapa inanibidi nieleze jambo. Kwa Wagogo, mkwe wa kiume na mama wa mke hawakai wakatazamana. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tangu nioe sikuwahi kumwona Mama Mkwe uso kwa uso zaidi ya dakika moja. Sasa alikuja kuniuguza katika vyumba vyetu viwili. Mariamu akatundika kanga mlangoni, mama akakaa upande wa jikoni, mimi upande wa kitanda.

"Mbukwenyi," sauti ikanisalimu kwa Kigogo kutoka nyuma ya kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamka na mikono?"

"Nimeamka nayo."

"Haya."

Majani yale yalikuwa ya kichaka kinachoota kandokando ya maji, mbugani Bahi. Ni ya kijivu, yana manyoya laini kama sikio la ndama, na ukiyafikicha yanatoa harufu kali ya kafuri, na ndani yake harufu ya matope ya mvua ya kwanza. Mama Mkwe aliyaita kwa jina la Kigogo, ambalo kila nikilitamka Mariamu alicheka mpaka akakaa chini. Tukazoea kuyaita majani ya Bahi. Kwao, mama aliyejifungua huogeshwa kwa maji yake, mwenye mafua hufukizwa nayo, na miaka ya mvua nyingi, samaki wanapoanikwa, matawi huzungushwa pembeni ili nzi wakae mbali. Alipofika tu aliyatandaza chini ya godoro langu. Kunguni walioishi nyumba ile tangu enzi za marehemu baba walihama. Nadhani walihamia kwa kaka Athumani.

Nilichukua majani machache nikampelekea Nesi Veronika, kwa kuwa alikuwa ametuambia tusifiche kitu. Akayanusa, akafumba macho, akanusa tena.

"Hayaponyi ukoma," akasema. "Lakini mikono yako inatakiwa kulowekwa kila siku, ngozi ilainike, kisha upake mafuta isipasuke. Wagonjwa wangu wengi hawaloweki, wanachoka. Kama harufu hii itakufanya ukae na mikono kwenye maji, weka. Jambo moja tu: usipime joto mwenyewe. Mikono yako itakudanganya."

Ndivyo ilivyoanza kazi yetu ya kila alasiri. Mama Mkwe alichemsha majani, akayaacha maji yapoe, akapima kwa kiwiko chake, kisha akaisukuma sufuria chini ya kanga mpaka upande wangu. Na kwa kuwa haikufaa aniamuru mimi mkwe wake, alizungumza na sufuria.

"Wewe sufuria, mwambie mwenye mikono asitoe kabla sijasema."

"Sufuria, mwambie mama nimechoka."

"Mwambie hata ng'ombe huchoka, na bado anakamuliwa."

Nilicheka peke yangu upande wangu, na nikasikia upande wa pili naye anacheka, anakohoa ili kuficha. Tulifanya hivyo msimu mzima wa vumbi na upepo wa kipupwe. Alinisimulia, yaani aliisimulia sufuria, habari za mbuga yao: maji yakija watu hutoka mashambani wakawa wavuvi, yakikauka wavuvi hurudi kuchunga. Mimi niliisimulia mambo ya mjini. Alitaka sana kujua kwa nini Wazungu hutupa suruali nzima.

Mvua zilipokaribia, ugonjwa ukageuka. Mabaka yakavimba na kuwa mekundu, mshipa wa kiwiko cha kushoto ukawaka kama una kaa la moto ndani, na vile vidole viwili vikaanza kujikunja. Sikuweza kushika mkasi. Nesi Veronika alinipeleka kwa daktari siku ileile, nikapewa vidonge vingine vya kutuliza mishipa, vingi, vya kupunguzwa kidogo kidogo kwa miezi. Vidonge vile vilinipa njaa isiyo na adabu. Nilikula chakula changu, nikala cha watoto kilichobaki, nikaota nakula. Uso ukajaa ukawa duara. Mtu mmoja sokoni akanipiga bega, "Fundi, biashara huria imekupenda!"

Lakini kaka Athumani hakucheka. Alikuja chumbani kwangu alasiri moja, mikono yangu ikiwa kwenye sufuria, akakaa kwenye kiti karibu na mlango.

"Mdogo wangu, jitazame," akasema. "Umeingia hospitali na mabaka matatu. Leo umekuwa mweusi kama chungu, umevimba, na vidole vinajikunja. Hiyo dawa inakumaliza."

"Wamesema itakuwa hivi, kaka."

"Wamesema! Nimempata mtu, yuko njia ya Gulwe, anatibu kwa mizizi na majani. Sharti lake moja, uache vya hospitali, havipatani. Na wewe majani umeshayazoea. Haya ya mkweo yamekusaidia kuliko vidonge vyote, kila mtu hapa uani anaona."

Sitakuficha, maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimechoka na rangi yangu. Nilikuwa nimechoka na benchi. Na kweli, katika siku yangu nzima, saa niliyoipenda ilikuwa ile ya majani. Nikatazama mikono yangu majini, na kaka akaona nimekubali.

"Basi kesho," akasema.

Kanga ikatikisika. Mama Mkwe hakuzungumza na sufuria.

"Baba mkubwa," alimwita kaka kama watoto wetu wanavyomwita. "Majani haya ni yangu?"

Kaka akashtuka. "Ndiyo, mama. Ni yako."

"Niliyachuma mimi?"

"Ulichuma wewe."

"Basi mimi mwenyewe nasema, hayatoshi. Yananukia, yanaosha, yanafukuza wadudu. Ugonjwa huu hayauwezi. Akiacha vidonge, na mimi nachukua majani yangu, napanda lori, narudi Bahi. Sitakaa hapa kumtazama."

Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Sikujua kwa nini. Kaka Athumani akanyanyuka, akaniaga, akatoka. Hakuutaja tena mtu wa Gulwe. Nami jioni ile nilimeza vidonge vyangu kama kawaida, Mama Mkwe akaiuliza sufuria kama mwenye mikono amemeza, na sufuria ikajibu amemeza.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya subira tu. Benchi, vidonge, majani, mafuta. Nesi Veronika alinifundisha kunyoosha vidole kwa mkono wa pili juu ya paja, asubuhi na jioni. Mpunga wa Bahi ulivunwa, na gunia moja la ukoo likatufikia. Kwenye benchi, muuza nyama alisogea akakaa katika ile nafasi ya katikati, karibu yangu, akaniuliza suruali yake imefikia wapi. Shemeji alianza kunitumia mwanawe aniletee uji, mtoto akiwa ndiyo kwanza amejifunza kutembea, uji unatangulia mkononi mwa mama yake na mtoto anafuata. Hatukuzungumza habari ya kikombe. Mariamu alikuwa ameshakizoea, hakukirudisha.

Kisha alasiri moja nilitia mikono kwenye maji na nikaitoa.

"Sufuria," akasema mama, "mwambie sijasema atoe."

"Mama, ni ya moto."

"Nimepima kwa kiwiko," akasema. "Ni ya uvuguvugu."

"Ni ya moto, mama. Huku pembeni. Kidole kidogo."

Nikarudisha mkono nikautoa tena, nikarudisha, kama mtoto anayechezea maji ya kuogea. Haukuwa moto wa kuunguza. Lilikuwa joto dogo, la mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara. Nyuma ya kanga nilisikia mama anasema maneno kwa Kigogo, mengi, haraka haraka, na sikuhitaji kutafsiriwa. Mariamu aliporudi kutoka barazani alitukuta kila mtu upande wake wa kanga, tunalia, na maji yamemwagika mpaka uani.

Si hisia zote zilizorudi. Kidole kidogo mpaka leo hakijanyooka sawasawa, na bado sishiki pasi. Lakini mkasi nashika. Siku nilipomaliza dawa Nesi Veronika alinipigia makofi mbele ya benchi zima, watu wakainua kofia zao kunitazama. Rangi yangu ilirudi polepole sana, ikachukua mwaka na zaidi.

Baada ya hapo nilisema nakwenda Bahi kushukuru. Mama alikuwa amesharudi kwao. Ulikuwa mwaka wa mvua nzuri na mbuga imejaa. Nilimkuta uani kwake, akageuka upande kama desturi, akasema na kuku waliokuwa miguuni mwake, "Mwambieni mgeni nakwenda kuchuma majani. Akitaka kuyaona, anifuate nyuma."

Nikamfuata kwa mbali. Kwa mara ya kwanza nikayaona yakiwa hai. Vichaka vilisimama kandokando ya maji, kimo cha mtu, vimetoa maua madogo ya zambarau iliyopauka, na nyuki wengi. Harufu yake mbichi ni laini zaidi kuliko ya makavu. Palikuwa na sehemu moja yameota mengi mno, yamefanya duara, kwenye mwinuko ambako maji hayafiki. Mama alisimama pale, amenipa mgongo.

"Hapa palikuwa na kibanda," akasema. Safari hii hakukuwa na kuku wala sufuria. "Cha dada yangu, Nyemo. Alipata kama wewe, mimi nikiwa msichana. Wakati ule hakukuwa na vidonge. Walimjengea hapa, mbali na watu. Nilikuwa namletea uji, na majani haya ya kutandika chini ya mkeka na ya kuosha mikono. Kila siku. Nilimwosha miaka mingi, mkwe wangu. Vidole viliisha."

Upepo ulipita majini.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

Akavunja tawi, akalinusa, akalitia kwenye kikapu.

"Ningekuambia wakati ule," akasema, "ungedhani nimeanza kukulilia."

Akaendelea kuchuma. Nami nikaingia upande wa pili wa duara, nikaanza kuvunja matawi, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, mpaka kikapu kikajaa.